Ametokea Kule Chini

Jumapili ya mwisho kabla hatujaenda shambani, dada yangu Faida alifua nguo zote za nyumbani asubuhi na mapema ili mchana asiwe na kazi. Nilijua sababu. Mchana kulikuwa na filamu kwa Papa Mikro, na Faida hakuwa mtu wa kukosa filamu. Alianika nguo juu ya ua, akapika sombe, majani ya mihogo, akamchana nywele mdogo wetu Neema, kisha akasimama mlangoni akinitazama.

"Yaya, leo weye utaenda na sisi?"

Kwetu Uvira mzaliwa wa kwanza huitwa yaya, awe mwanamume au mwanamke. Yaya wao ni mimi, Pascal. Baba alipokufa niliacha shule nikiwa bado msingi, nikaanza kuchota mchanga mtoni na kuwapelekea wajenzi. Mama alipomfuata, tukabaki watatu katika nyumba ya mtaani Kilibula. Nilisema hao wawili watasoma, mimi nitabeba mchanga. Faida alikuwa amefika mwaka wa tano sekondari. Neema alikuwa bado mdogo, bado analala amenishika shati.

"Nimechoka," nikamwambia.

"Umechoka na nini? Mchanga nao unasali siku ya Mungu, umeupumzisha. Simama twende."

Nikasimama.

Kwa Papa Mikro palikuwa chumba cha mbao nyuma ya mashine ya kusaga mihogo. Ndani mlikuwa na mabenchi, joto, na televisheni moja. Jenereta ilinguruma nje. Papa Mikro mwenyewe alikaa kando ya televisheni, mikro, kipaza sauti chake, mdomoni, na alipotaka kusema aliipunguza sauti ya filamu hadi ikawa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Filamu zilikuja kwa lugha ambazo sisi hatukuzijua, na nadhani hata yeye hakuzijua sana. Lakini aliongea bila kupumua. Kila mto katika filamu aliuita Ruzizi. Kila mtu mbaya alikuwa wa duwane, mtoza ushuru wa bariyeri za barabarani.

"Muone huyu! Ametoka bariyeri, anatafuta kuku ya muntu!"

Watu walicheka mpaka benchi likatikisika.

Filamu ya siku hiyo Faida alikuwa ameshaiona mara nyingi. Watu wanne wanatafuta kisiwa ambacho ramani haikijui: msichana, mama yake, nahodha mlevi na mzee mmoja mpishi. Meli yao inavunjika. Msichana anakusanya mapipa matupu, anayafunga kwa kamba, anapata chelezo, na juu ya chelezo hicho wanashuka mto wenye maporomoko huku watu wabaya wakiwapiga risasi kutoka ukingoni. Risasi zinapiga maji, zinapiga kofia ya nahodha, haziwapigi watu. Kisha chelezo kinaruka, mpishi anaanguka majini, na hatumwoni tena.

Pale mama mmoja wa nyuma akashika kichwa. Papa Mikro akawahi.

"Bamama, musilie! Huyu hakufa. Ametokea kule chini. Sasa hivi anakausha suruali, anauliza kama iko chai."

Hiyo ilikuwa desturi ya mle ndani, na haikuanza bure. Zamani Papa Mikro alikuwa akiwaacha watu wafe kama walivyokufa. Halafu siku moja, katika filamu nyingine, mama wa watoto wawili alikufa, na mjane mmoja wa mtaani kwetu akasimama mbele ya televisheni, akaifunika kwa mwili wake. Akasema, "Papa Mikro, kufa tunakuonaga huko inje kila siku. Humu ndani utuachie." Watu wote wakamuunga mkono. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwema aliyekufa katika mdomo wa Papa Mikro. Alizimia, alisafiri, alitokea kule chini.

Nimesikia watu waliosoma wakisema kwamba filamu za namna hiyo ni upumbavu, zinawalaza maskini. Waje walale Kilibula. Waje wazike mtoto kwa kipindupindu Jumatatu, wasikie risasi mlimani Jumatano, wakimbie mafuriko Ijumaa, halafu waniambie Jumapili wangependa kutazama nini. Mimi nilitoka mle siku ile na kifua chepesi. Nilicheka njia nzima. Sitakubali mtu aniambie kwamba kicheko kile kilikuwa kosa.

Kesho yake tulipanda lori kwenda Kiringye, katika uwanda wa Ruzizi, ambako mjomba wetu, kaka yake mama, alituachia kipande cha shamba kila mwaka. Tulikwenda kuvuna karanga. Vita vilikuwa vinasemwa, lakini vita vinasemwa kwetu kila wakati. Mjomba alisema viko mbali, huko kaskazini, na jeshi liko njiani kuvizuia.

Jeshi tuliliona kweli, likirudi.

Walipita kwa miguu, kwa pikipiki za watu, kwa malori yaliyojaa magodoro. Sitasema walikuwa wa upande gani. Pande zote zilipita pale kwa zamu yake, na kila upande ulipita na kitu cha mtu. Mmoja alichukua baiskeli ya mjomba. Mjomba alimuuliza, "Mwanangu, sasa nani anabaki kutulinda?" Askari akamjibu, "Mzee, weye ujilinde. Bahati yako uko na miguu." Akaipanda baiskeli, na mnyororo ulikuwa umelegea, ukatoka, akashuka akaurudisha taratibu mbele yetu, akajipangusa mikono kwenye ukuta wetu, akaenda. Mimi nilikuwa nimeshika jembe. Bado nauona mkono wangu juu ya ule mpini.

Mchana mabomu yakaanza kuanguka upande wa barabara. Watu waliokuwa wameelekea Uvira wakarudi mbio wakisema njia imekatwa. Ukabaki mto.

Tulifika Ruzizi tukiwa wengi, tumejibanza katika matete. Upande wa pili ni Burundi. Maji yalikuwa mekundu, yamejaa mvua, yanakwenda kwa nguvu. Hapakuwa na mtumbwi hata mmoja upande wetu. Yote ilikuwa kule ng'ambo. Wenye bunduki walivuka nayo asubuhi, wakaivuta nchi kavu, wakaiacha. Tuliiona kwa macho yetu, mitupu, imelala jua linaipiga, na sisi huku na watoto mgongoni. Hakuna aliyewalazimisha kuirudisha. Ingewachukua muda wa kuvuta sigara.

Wazee walikaa chini. Wanawake walianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Faida hakukaa.

"Yaya, bidoni," akasema.

"Bidoni gani?"

"Kila muntu amekimbia na bidoni. Angalia."

Nikaangalia. Kweli. Mtu wa kwetu akikimbia huchukua mtoto, sufuria na bidoni, lile dumu la maji. Ukingo mzima ulikuwa wa manjano.

Alipita kwa kila familia akiomba bidoni, akihakikisha kifuniko kimekaza. Mtu mmoja alikataa, akimwita mwendawazimu. Faida akamwambia, "Papa, ubakie nayo, lakini ukizama usiniite." Watu wakacheka, pale, mabomu yakisikika. Yule mtu naye akatoa. Tulipasua vyandarua, tukasokota kamba, tukafunga bidoni pande zote za mlango ambao mjomba aliung'oa nyumbani kwake akakimbia nao ili askari wasiuchukue. Faida alijua pa kufunga na namna ya kuvusha kamba ili mzigo usiegemee upande mmoja. Sikumuuliza alijifunza wapi.

Vijana wawili wanaojua kuogelea walishika pembe za nyuma. Safari ya kwanza Faida alikwenda na bibi mmoja kipofu na watoto. Mto uliwavuta sana kuelekea chini, nikafunga macho, na nilipofungua walikuwa wamegusa ng'ambo. Watu walipiga kelele kama mle chumbani kwa Papa Mikro. Vijana wakaenda kushika mitumbwi ile, wakakuta makasia yametupwa, na mmoja wa watu wenye bunduki waliokuwa wamekaa mbali akapiga risasi hewani kuwafukuza. Wakarudi na mlango.

Ikawa hivyo. Kwenda na kurudi. Watoto wakilia, Faida aliwaambia, "Musiogope. Hata tukianguka tunatokea kule chini." Wakubwa waliokuwa wakitoka Uvira walielewa, wakatabasamu. Watoto waliamini.

Zamu yetu ilipofika alituvusha, mimi, Neema na mjomba. Niliposhuka nilimshika mkono. Mkono ulikuwa baridi na umekunjamana kwa maji.

"Sasa basi," nikamwambia. "Wengine washike."

"Wale bamama iko na vitoto, yaya. Hawamujui muntu ila minye. Safari moja."

"Faida."

"Safari moja."

Alishasukuma.

Alifika upande ule. Alipakia mama mmoja na mtoto mchanga, na msichana mwingine.

Walipofika katikati, risasi zikatoka matetani. Upande wetu wa zamani. Sijui waliokuwa matetani walidhani wanaona nini. Askari wakikimbia, labda. Mlango wenye bidoni za manjano na mtoto.

Risasi zilipiga maji.

Kisha zikapiga bidoni.

Mlango uliinama upande mmoja, polepole. Mama yule aliinua mtoto juu. Faida alimpokea mtoto, akamsukuma kwa kijana aliyekuwa nyuma, na kijana akaogelea naye kwa mkono mmoja.

Mto ukawachukua waliobaki.

Nilikimbia ukingoni nikifuata maji. Niliona kitambaa chake cha kichwa. Baadaye sikuona kitu.

Kijana alitoka na mtoto akiwa hai, na mwenzake naye aliogelea akatoka. Mama yake mtoto alipatikana kesho yake, amekwama katika mizizi, na yule msichana mwingine pia. Faida hatukumpata. Nilitembea kando ya mto kuelekea ziwani siku baada ya siku, nikiwauliza wavuvi, nikipekua matete kwa fimbo, nikinusa kama mbwa. Waliniambia niache, kuna viboko. Niliacha pale ambapo hapakuwa tena na ukingo wa kutembea.

Waliotupokea walitukusanya katika uwanja mmoja upande wa Burundi, chini ya maturubai, matope hadi kwenye kisigino. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa Neema anafikiri nini. Alikula nusu ya chakula chake, nusu akaifunika kwa sahani.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Faida. Atakuwa na njaa. Kule chini ni mbali."

Nilimwambia. Nilimwambia vizuri, kisha nikamwambia kwa ukali. Alinitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto asiyejua. Mimi sikuwa mpenzi wa filamu, ningejuaje?

Halafu tukatangaziwa kwamba uwanja ule unafungwa. Watu walikuwa wanakufa kwa kuhara. Malori yangetuhamisha kwenye kambi mbali na mto, penye maji safi. Lori letu lilipofika Neema hakuonekana. Nilimkuta amejificha ndani ya tangi tupu, nje ya uzio. Alisema haendi. Faida akitokea, atatukosa. Siku hiyo lori likaondoka bila sisi, na mjomba, aliyekuwa ameanza kuhara, akaondoka nalo peke yake. Usiku mmoja tu baadaye Neema naye alishikwa na tumbo. Nilimbeba hadi kwa wauguzi akiwa mwepesi kama fungu la majani. Muuguzi alinishika bega, akasema akirudi kulala kwenye matope yale hataishi, nimpandishe lori linalofuata. Alipopata nguvu ya kusimama, jambo la kwanza alilofanya ni kurudi kukaa kwenye uzio, akiangalia upande wa mto. Akasema nikimpandisha kwa nguvu ataruka. Namjua. Angeruka.

Wakati huo watu wa Uvira wenyewe walianza kufika, maana vita vilikuwa vimeshuka hadi mjini. Walivukia mpakani Kavimvira. Kati yao alikuwa Papa Mikro, bila mikro, amevaa kandambili za rangi mbili. Aliponiona alinikumbatia. Nilimweleza. Alilia kweli, simnyimi haki yake. Alimpenda Faida, alikuwa akimwachia nafasi benchi la mbele.

Kisha akaenda kwenye uzio, akachuchumaa mbele ya Neema, na ile sauti ikamtoka.

"Mama kidogo, usilie. Huyu hakufa. Ametokea kule chini..."

Uso wa mtoto ukawaka.

Nilimkamata shati nikamwinua. Sijawahi kumgusa mtu mkubwa namna hiyo. Nilimvuta hadi nyuma ya maturubai, na watu wakajitenga wakidhani ni ugomvi wa kugombea chakula.

"Rudi ukamwambie amekufa."

"Pascal, muache mutoto apumue."

"Atapumua wapi? Lori linakuja. Akibaki hapa anakufa, unasikia? Minye ananikatalia. Weye ndiye anakuamini."

"Mwili hamukuupata. Nitasemaje muntu amekufa na mwili hakuna?"

"Yule mupishi. Yule wa mu filme. Mwili wake weye uliuona?"

Papa Mikro akavua kandambili moja, akaikung'uta matope, akaivaa tena. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Alisema mwisho wa filamu ile, wale watatu wanaposimama kisiwani wameinamisha vichwa, msichana ameshika kijiko cha mpishi, walikuwa wanamzika. Walizika kijiko. Yeye alitwambia wanawashukuru samaki.

"Nilikuwa naonaga munacheka," akasema. "Munatoka munacheka. Kilibula nzima hakuna muntu mwingine alikuwa anawachekesha. Ningefanya nini?"

Hilo lilinikasirisha zaidi. Ningependa awe mtu mbaya. Ningependa hasira yangu iwe na mahali pa kukaa. Lakini Papa Mikro hakuchukua mitumbwi. Papa Mikro hakulala matetani na bunduki. Wanaofanya hivyo hawana haja ya kumdanganya mtu yeyote. Wanapita tu, na sisi tunabaki tukigombana na mtu mwenye kandambili.

"Mwambie," nikasema tena.

Akaenda. Mimi nikasimama nyuma yake. Alikaa chini kabisa, katika matope, na safari hii hakubadili sauti. Aliongea kama mzee aliyechoka, ndivyo alivyokuwa.

"Neema, nilikudanganya. Faida amekufa."

Mtoto akamtazama mdomo, kana kwamba kuna maneno mengine yamebaki ndani.

"Na mupishi?"

"Na mupishi."

"Na mama wa wale batoto wawili?"

"Na yeye. Wote, mama. Wote walikufa. Minye ndiye nilikuwa nasema hapana."

Neema hakulia hapo. Aliinuka, akaenda kwenye sahani iliyofunikwa, akala chakula kile kilicholala, mpaka mwisho, akitafuna vizuri. Kisha akajilaza mapajani mwangu, akalia hadi akatapika. Lori lilipokuja alipanda mwenyewe.

Mjomba tulikuta wamemzika. Katika kambi ile tulimfanyia Faida msiba bila mwili. Tulikaa chini mbele ya turubai, watu wakaja, wakaimba. Nilinyoa nywele zangu na za Neema. Mchungaji alisema amelala. Nilimwomba aseme amekufa, akasema.

Tumerudi Kilibula. Nyumba haina mlango wala bati, lakini kuta zipo, na mchanga bado uko mtoni. Neema anasoma. Walikuja vijana wa mradi fulani, wenye kamera, wakakusanya masimulizi ya vita. Nilisimulia yote. Mwishoni binti mmoja mpole akaniuliza kama ningeweza kumalizia na jambo la kutia moyo, kwa sababu watazamaji wanahitaji tumaini. Nilimuuliza watazamaji hao wanaishi wapi. Akataja mji wa mbali. Nikamwambia, hao waangalie filamu. Sisi tuliotazama filamu kwa Papa Mikro tulikuwa na sababu. Wao, nilitaka wakae na maji yale mekundu, na mitumbwi mitupu ng'ambo, na wasiambiwe ametokea wapi.

Mwaka huu mwanamke mmoja alipiga hodi kwangu, ametoka uwandani, na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mmoja wa waliovushwa siku ile, katika safari ya tatu au ya nne. Alisema alishika mguu wa Faida njia nzima. Alitaka ruhusa ya kumwita bintiye jina hilo, kama desturi yetu ilivyo. Nilimtazama mtoto. Alikuwa mnene, amelala, hana habari na mtu.

"Basi yaya," mama yule akasema, macho yamejaa machozi, "ni kama amerudi."

Nilimwambia ampe jina, ni jina zuri, na mwenyewe angefurahi. Nikamletea kiti, Neema akampa maji ya kunywa. Halafu nikamwomba jambo moja tu: neno lile asiliseme tena mbele yetu. Faida hakurudi.